Siku Mashine Ilipolirudisha Jina

Saiba ile ya Lodwar, chumba cha kukodisha kompyuta na intaneti, ilikuwa imefurika siku hiyo ya Oktoba 2012, wanafunzi wawili kwa kiti kimoja na feni inayosambaza vumbi tu. Awoi, mwalimu wa hesabu, sketi ya kitenge cha buluu na shanga za nyanya yake shingoni, alikuwa anagombana na kompyuta.

"Hii programu ya hesabu imekwisha muda. Inataka nilipie."

"Achana nayo, madam," akasema kijana mrefu aliyebanwa kando yake, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama. "Chukua hii kwa flashi yangu. Inaitwa Maxima. Ni ya bure, ukitaka gawia Turkana yote."

"Cha bure huwa na ugonjwa."

"Hii iko na afya kuliko mimi."

Alikuwa Nhial, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyefundisha hesabu kambini Kakuma. Ruhusa yake ya kutoka kambini ilikuwa imebakiza siku moja. Akamwonyesha milinganyo na grafu. Kwa uchokozi, Awoi akaandika jina lake: awoi. Mashine ikajibu: awoi.

"Mbona inanirudishia tu?"

"Hujaiambia awoi ni ngapi. Kitu haijui, haibahatishi."

Awoi akacheka. Alikuwa ameshanasa, ingawa ungemuuliza angekataa katakata.

Miezi sita wakapendana kwa simu.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula sauti yako, mrembo."

"Basi utalala njaa."

Aprili simu ya Nhial ikazimika wiki mbili nzima. Awoi akaamini kuna msichana. Jumamosi akavaa gauni lake jekundu la ugomvi, akaenda Kakuma.

Alimkuta mbele ya ubao wa matangazo. Hakukuwa na msichana. Kulikuwa na orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa Australia Jumanne: Nhial, mama yake, dada zake wawili.

"Ejok," Nhial akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ungeniambia."

"Ningeanzia wapi, mpenzi? Nilishindwa, nikazima simu."

"Basi nioe. Leo. Padri yupo."

Nhial akainama. "Nikioa, faili yetu sisi wote inarudi mwanzo. Mama amengoja miaka kumi na moja. Na unajua vile anaumwa."

Awoi alijua. Hasira yote aliyoibeba kutoka Lodwar ikakosa wa kumwangukia. Akampangusa vumbi kwenye kola, akalia mbele ya watu wote, na Nhial naye akalia.

Jumanne Awoi alikuwa darasani Lodwar, flashi ile aliyoachiwa na Nhial ikipita kompyuta hadi kompyuta. Wanafunzi walipotoka kwenda mapumziko, akaketi na kuandika: nhial.

Mashine ikajibu: nhial.

Akaandika tena. Ikamrudishia vilevile.