Rimoti ya Gari la Bibi Harusi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla uji haujapoa, Nerima alikuwa tayari amejikunja chini ya dashibodi ya gari la mtu. Baba yake, Bwire, alikuwa fundi wa umeme wa magari mtaani Jericho. Nerima alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba na fundi wa pili. Cheo hicho cha pili alijipa mwenyewe.

Jumamosi hiyo haikuwa ya kawaida. Gari jeupe la jirani yao, Mzee Odera, mfanyakazi wa reli, lingempeleka binti yake Celine kanisani kuolewa. Kitasa cha mlango wa dereva kilikuwa kimechakaa, ufunguo unazunguka bure, kwa hiyo Mzee Odera alikuwa amenunua kufuli za rimoti. Ukibonyeza kidude, milango yote inafunguka. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa nacho.

Kazi yenyewe ilikuwa na mtego. Gari lilikuwa na alamu yake tangu kiwandani, na alamu hiyo haikuijua rimoti ngeni. Bwire alimwonyesha binti yake waya mwembamba wa kijani.

"Huu ndio unaoiambia alamu kwamba anayefungua ni mwenyewe. Waya usiposhika vizuri, alamu itadhani ni mwizi. Itapiga honi na kuzuia injini. Leo unganisha wewe."

Nerima hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alisokota waya, akaufunga kwa utepe.

"Sasa jaribu," baba alisema akienda kunawa. "Funga milango, ngoja taa nyekundu ya dashibodi ianze kumetameta, ndipo ufungue. Kabla ya hapo alamu bado imelala."

Lakini watoto wa mtaa walikuwa wamejaa kutazama. "Sasa, Nerima. Hebu bonyeza tuone," mmoja wao, Job, alimhimiza. Nerima akafunga, akafungua papo hapo. Tena na tena. Nani angengoja taa huku anatazamwa hivyo?

"Umengoja taa?" baba aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, baba."

Celine alitoka nyumbani kwa vigelegele, gauni limeinuliwa lisiguse vumbi. Gari lilikuwa limefungwa likimsubiri, taa nyekundu ikimetameta. Mzee Odera akabonyeza rimoti kwa madaha, akavuta mlango. Honi ikalia kwa fujo. Alipojaribu kuwasha, injini nayo ikagoma.

Bwire alikimbia kuchomoa waya wa honi. "Kama alamu ilijaribiwa, basi ubovu uko kwenye kisanduku kipya cha rimoti," alisema. "Itabidi nifumue kazi yote."

"Fundi, mchungaji anatungoja," Mzee Odera alisema kwa unyonge.

Nerima aliutazama utepe alioufunga. Akisema ukweli, huenda asipewe waya mwingine maishani. Akinyamaza, Celine atakosa harusi yake.

"Baba, sikungoja taa. Nilikudanganya."

Bwire aliinama, akabandua utepe. Waya wa kijani ulichomoka wenyewe. Akamkabidhi Nerima koleo.

"Unganisha tena."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Harakisha."

Aliunganisha, akavuta waya kuhakikisha. Bwire akarudisha waya wa honi, na Nerima akafunga milango. Wasimamizi wa harusi, watoto na bibi harusi mwenyewe walikodolea macho taa ile hadi ikametameta. Nerima akabonyeza, akafungua mlango. Alamu haikulia. Injini ikawaka, na vigelegele vikalipuka upya. Nerima alirukaruka gari likiondoka.

"Waya kuchomoka ni kosa la kazi, hata mimi hunipata," Bwire alisema. "Lakini uliposema umengoja, ulinituma kutafuta ubovu mahali usipokuwa. Ukiniambia ukweli, tutarekebisha pamoja."

"Nimesikia, baba."

"Haya, fundi wa pili, kanawe mikono. Tusikose pilau."