Dirisha la Kumi na Saba

Jioni ya tarehe mosi Desemba, nyota za taa zilipowashwa juu ya vichochoro vya Sankt Gallen, mgeni mmoja alisimama mbele ya kibanda cha soseji sokoni akatamka neno ambalo pale halitamkwi.

"Naomba na haradali kidogo."

Muuzaji akaacha koleo hewani. Foleni nzima ikanyamaza. Aliyecheka ni Idda, mshona lesi, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye koti jekundu na kofia ya sufu ya kijani iliyofungwa kibonge cha uzi juu. Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa mkono.

"Samahani, kaka. Hapa soseji inaliwa kavu kavu. Haradali wanakula watu wa Zurich, nasi tunawahurumia."

"Mimi natoka Chur."

"Basi umesamehewa. Huko milimani habari huchelewa kufika."

Mgeni akatabasamu. Alikuwa mrefu, koti lake jeusi likimfika magotini, na pua yake ilikuwa ya kutosha watu wawili. "Mimi ni Corsin. Umenicheka mbele ya watu, dada, sasa utanilipa. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina madirisha ishirini na manne. Kila jioni nafungua moja, nikifungua la mwisho, mgeni anaingia."

"Hicho cha watoto," Idda akasema. "Ni siku za Majilio hizo, na mgeni ni Krismasi. Tena umemtegea mwenye madirisha! Mtaani kwetu kule juu kila nyumba inachukua tarehe yake. Siku ikifika inafungua dirisha lililopambwa, watu wanasimama nje na chai, na taa inaendelea kuwaka kila jioni mpaka baada ya mwaka mpya. Kabla ya siku yake, dirisha halionyeshi hata mshumaa. Orodha ninayo mimi."

"Na la kumi na saba ni la nani?"

"Bi Ottilia Rechsteiner, fundi wa kukata picha za karatasi. Tulimzika mwezi wa nne, maskini. Mwaka huu halina mtu."

Corsin akaitazama soseji yake kama imepoa ghafla.

Tangu hapo wakawa wanapanda ngazi za mtaani pamoja kila jioni, kutoka dirisha hadi dirisha. La pili lilikuwa na malaika wa majani makavu, la tatu lilikuwa na treni. Walikunywa divai ya moto yenye mdalasini, wakategana vitendawili, na aliyeshindwa alitoa mji.

"Nipe mji," Corsin alidai.

"Chukua Geneva."

"Siutaki, ghali mno. Nipe mwingine."

"Basi kaa bila mji, mwanamume mwenye maringo!"

Mchana Corsin alimpigia simu kazini, na Idda aliibana simu kwa bega huku sindano ikiendelea.

"Unafanya nini, kibonge cha uzi?"

"Nashona shela la bibi harusi wa watu."

"Na wa kwako?"

"Wa kwangu nani, Bwana Haradali? Acha nifanye kazi."

Akikata simu, shavu lilibaki na moto.

Tarehe nne, saa kumi na moja jioni, giza lilikuwa limeshashuka na theluji inaanguka taratibu. Trudi wa duka la mikate alikuja mbio kumgongea Idda, na aproni yake ina unga.

"Idda! Nani kakupa ruhusa ya kuwasha la kumi na saba?"

"Halijawashwa."

"Njoo uone mwenyewe."

Nyumba ya Bi Ottilia ilisimama imefungwa tangu alipokufa, mabomba ya kupasha joto yamezimwa, theluji mlangoni haina alama ya mguu. Lakini dirisha la ghorofa ya kwanza lilikuwa na mwanga wa manjano, na kwenye kioo ilibandikwa picha ya karatasi nyeusi, kazi ambayo mtaa mzima uliijua: majani membamba kama nyuzi na ndege wadogo pembeni. Katikati mwanamke alikuwa kwenye ngazi, ameinua mkono mtupu, na glavu yake inaanguka. Mwanamume mrefu chini yake ameidaka.

"Ni mkono wa Ottilia kabisa," Trudi akanong'ona. "Watu wa upande huu wanasema tangu tarehe mosi kila jioni inabandikwa mpya. Ile ya kwanza mwanamume alikuwa na soseji, na mwanamke amejiziba mdomo."

Idda akashika kofia yake.

"Na hiyo kofia yenye kibonge ni yako, mama."

"Haiwezi kuwa yangu. Hii nimeifuma mwezi wa kumi. Ottilia alikuwa kaburini miezi sita."

Saa moja baadaye alikuwa anapanda ngazi na Corsin kwenda dirisha la nne. Akavua glavu amwonyeshe kidole alichojichoma sindano. Glavu ikaponyoka. Corsin, aliyekuwa chini yake, akaidaka.

Wote wawili wakaganda. Idda aliiona hofu usoni mwa Corsin, akadhani anaiona ya kwake imeakisiwa. Hakuuliza. Laiti angeuliza siku ile!

Kuanzia hapo alikuwa anapita mbele ya lile dirisha kabla ya kila miadi, moyo mkononi. Tarehe saba picha ilionyesha mwavuli uliopinduka, na jioni hiyo upepo ukapindua wa kwao. Tarehe kumi ilionyesha nyuso mbili zimekaribiana chini ya nyota, na Idda akaenda kwenye miadi ile na midomo imekauka. Corsin alimbusu chini ya taa za sokoni, akambusu kama mtu anayeaga.

Tarehe kumi na tatu simu ililia kazini.

"Idda, nadhani nitarudi Chur mapema."

"Mapema lini?"

"Kabla ya tarehe kumi na saba."

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Hujanikosea. Wewe... vaa vizuri, ngazi zina barafu." Akakata.

Picha ya jioni ile ilikuwa na mwanamke na simu, na uzi wa simu umekatika katikati.

Siku tatu Corsin hakupokea simu. Tarehe kumi na sita, saa kumi na nusu, Idda alikuwa anapita uchochoro wa nyuma ya nyumba ya Bi Ottilia, alipoona mlango wa jikoni unafunguka. Akatoka mwanamume mwenye koti refu jeusi, akageuza ufunguo, akauweka mfukoni.

"Corsin!"

Akageuka, mweupe kuliko theluji.

"Ni wewe?" Idda akamsogelea. "Siku zote hizi ni wewe? Unanichora, halafu unaniangusha glavu, unanicheza kama mwanasesere dirishani?"

"Sijachora hata moja. Bi Ottilia ni bibi yangu mzaa mama. Nilikuja kuiuza nyumba."

"Na hukuniambia! Nilikwambia tumemzika, ukatafuna soseji kimya!"

"Idda, nisikilize..."

"Nenda Chur. Nenda ukale haradali yako."

Akaondoka anateleza kwenye barafu, na hakukubali kushikwa mkono.

Kesho yake ilikuwa zamu ya dirisha la kumi na saba. Mtaa wote ulipanda kule, wengine kwa mapenzi ya marehemu, wengine kwa hofu tu, na wote walisimama na vikombe vya chai bila kupiga soga. Dirisha lilikuwa jeusi. Saa kumi na moja ikagonga kwenye minara ya kanisa kuu chini bondeni. Likabaki jeusi.

"Orodha unayo wewe," Trudi akamwambia Idda. "Ingia."

"Peke yangu?"

"Mimi nina moyo mdogo, mama, na mguu unauma."

Idda akazunguka nyuma. Mlango wa jikoni haukufungwa. Ndani baridi ilikuwa kali kuliko nje, pumzi yake ikawa moshi. Juu, mbele ya dirisha, Corsin amekaa sakafuni na taa moja na boksi la mbao. Begi lake la safari lilikuwa kando.

"Sikuweza kupanda treni," alisema bila kuinua uso. "Kaa, nikueleze, kisha unitukane vizuri."

Idda akakaa.

"Bibi alikufa akiwa ameacha boksi hili na barua. Picha kumi na saba, kila moja na tarehe yake nyuma. Barua inasema bandika moja kila jioni, usimwambie mtu mpaka tarehe kumi na saba. Nikaona ni mapenzi ya mzee, nikabandika. Ile ya soseji niliibandika saa kumi, nikashuka mjini na njaa, nikakutana na wewe."

"Na glavu?"

"Niliibandika nikijua sura yako tayari. Niliogopa, Idda. Tarehe tisa nikashindwa kuvumilia, nikatazama ya mwisho." Akafunua karatasi laini.

Picha ilikuwa ya mwanamke mwenye kofia ya kibonge. Alikuwa peke yake. Alinyoosha mkono kuelekea kulia, na mbele ya mkono ule hakukuwa na jani wala ndege, karatasi ilikuwa nyeusi tupu mpaka ukingoni.

"Kila alichokata kimetokea," Corsin alisema. "Na hapo mimi sipo. Nikasema, kama ni lazima nipotee, bora nipotee kwa treni. Utanichukia, lakini hutanizika."

Sasa Idda alijua kilichokuwa kinamtafuna mwenzake. Akaiinua picha karibu na taa. Vidole vyake, vilivyozoea lesi, vikapita ukingoni polepole, kisha vikasimama.

"Corsin, gusa hapa."

Penye ncha ya vidole vya yule mwanamke palikuwa na mkato mmoja, urefu wa kucha, ulioingia kwenye ule weusi na kuishia hapo hapo.

"Mkasi ulikuwa umeshaingia," Idda akasema. "Fundi haanzi mkato pasipo na kitu cha kukata. Hii si picha ya mtu aliyeachwa, mjinga wewe. Ni kazi ambayo haijaisha. Bibi yako amekufa nayo mkononi."

"Na kama alitaka kukata kitu kibaya?"

"Basi tumwahi. Mkasi wake uko wapi?"

"Uko kwenye boksi. Sijaugusa."

Idda akaingiza mkono chini ya karatasi, akaupata. Mara moja tu akashtuka, Corsin akauliza kuna nini, akasema hakuna. Akaanza kukata. Alikata koti refu, akakata miguu mirefu, akakata mkono unaoshika mkono. Hakuwa fundi wa karatasi, ndege wake walitoka kama kuku. Vipande vyeusi vilianguka mapajani mwao kama masizi.

"Pua nikate kubwa kiasi gani?"

"Nihurumie, mpenzi."

"Siwezi kudanganya mtaa mzima."

Wakabandika pamoja, Corsin akawasha taa. Chini palikuwa kimya, hata Idda akaogopa kuchungulia. Kisha sauti ya Trudi ikapasua hewa: "Mungu wangu, huyo mwanamume ana pua kama bomba la moshi!" Mtaa ukaangua kicheko, vikombe vikaanza kugongana, mtu akaanzisha wimbo wa Krismasi.

Corsin alikuwa amemshika Idda mkono vile vile ilivyo kiooni.

"Kitendawili," alisema kwa sauti ya chini.

"Tega."

"Nilikuja kuuza, nimeishia kuomba."

Idda alilijua jibu. Lilikuwa limeandikwa machoni pa Corsin. "Nimeshindwa."

"Nipe mji, basi."

"Chukua huu. Pamoja na nyumba yake, na fundi wake wa lesi. Ila haradali hapana."

Wameoana. Kila tarehe kumi na saba wanafungua dirisha lao, na ile picha ya kuku ipo kwenye fremu sebuleni. Mambo yao wanaambiana yote, isipokuwa moja. Idda hajamwambia mumewe kwamba jioni ile, katika nyumba iliyolala miezi minane bila moto, pete za ule mkasi zilikuwa na joto, joto la vidole vya mtu aliyeutua sasa hivi ili ampishe mwingine.