Mama wa Mchana

Kaliza alilamba kijiko akasema uji wa leo ulikuwa mtamu kuliko wa jana.

Mama yake, Winifred, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho mazito, akitafuta kandambili kwa vidole vya miguu. Alfajiri alitoka kiwandani, akampeleka mtoto chekechea, akarudi kulala. Hakupika uji. Hata jana hakupika.

"Nani kakupa uji, mwanangu?"

"Si wewe?" Kaliza alicheka. "Halafu ukanipigapiga mgongoni mpaka nikasinzia. Hivi." Akampiga mama yake mgongoni kwa kiganja, polepole, polepole, kisha haraka, kisha polepole tena.

Jikoni sufuria ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa. Harufu ya samli ya kienyeji, ile ya kuchacha, ilikuwa imejaa hadi kwenye mapazia. Winifred hakuwa na samli ndani. Ilimchefua tangu utotoni, kule Ngara, Tanzania, alikokulia kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda. Alijiambia ni uchovu tu, akaoga, akaenda kazini.

Na uchovu aliujua. Kupanga mikate usiku kucha, kisha kulala mchana mtaani Gikondo, Kigali, katikati ya magereji, bati linagongwa utadhani limemkosea mtu, hayo si maisha ya binadamu. Tangu mumewe afariki, moyo wake ulikuwa ukienda mbio bila sababu kila alipojilaza. Benon, msimamizi wa zamu, alimkuta amesinzia kando ya mashine ya kukandia unga. Akamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha: "Wini, ukirudia sitaweza kukuficha." Kazi ikienda, chumba kinaenda, na Kaliza atachukuliwa na ndugu za baba yake, ambao walikuwa wanangoja tu nafasi hiyo.

Ndipo, wiki kadhaa kabla ya uji ule, jirani yake Athanasie, mama mtu mzima aliyekuwa akilala na Kaliza usiku na kumrudisha nyumbani kutoka chekechea kila adhuhuri, akamletea kikopo cha bati chenye vidonge.

"Mama Kaliza, kunywa hii. Iko dawa ya kurara. Ilikuwa ya dada yangu Gahongayire, Mungu amupumuzishe. Iko nzima, mimi siwezi kutupa."

Winifred hakuuliza kipimo. Hakuuliza Gahongayire alikufa na nini. Ukishakesha miezi, huna haja ya kujua usingizi umetoka kwa nani. Alimeza kimoja, akalala fofofo. Wiki zilivyopita kimoja kikawa hakitoshi, akameza viwili, na siku za mapumziko akashushia na urwagwa, pombe ya ndizi, ili usingizi usichelewe.

"Mimi nina mama wawili," Kaliza alimwambia siku moja. "Wa usiku anaenda kazini. Wa mchana anajua Kinyarwanda kizuri, si kama wewe."

Winifred alicheka, maana Kinyarwanda chake kilichekwa hata na wauza nyanya wa soko la Kimironko. Kisha kicheko kikamkauka. "Huyo wa mchana anasemaje?"

"Anasema hakujaliwa mtoto. Sasa amepata."

Kesho yake alimeza tena, kwani angefanya nini? Aliamka akiwa wima. Nje nyundo za gereji zilikuwa zikilia, jua limesimama utosini, pazia jeupe kwa mwanga, na mikono yake ilikuwa ikikoroga uji bila amri yake. Alitaka kuuachia mwiko, vidole vikakataa, alitaka kumwita mwanawe, ulimi ukalala kinywani kama wa mtu mwingine, na kooni mwake mwenyewe ukatoka wimbo wa kubembeleza watoto, kwa Kinyarwanda kile cha ndani ambacho hakukijua hata neno moja, huku harufu ya samli ikipanda na miguu yake ikimpeleka taratibu hadi mkekani alipokaa Kaliza, ikapiga magoti, kiganja kikaanza kumpigapiga mtoto mgongoni, polepole, polepole, kisha haraka, na yeye Winifred yuko huko ndani, nyuma kabisa, amefungiwa, anapiga kelele ambazo hata masikio yake mwenyewe hayakuzisikia.

Jioni alisimama mlangoni kwa Athanasie. "Dada yako alikuwa na watoto?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Yule mama aliangalia nyuma yake kwanza. "Hapana. Alitafuta mutoto mupaka akashindwa kurara. Ndiyo wakamupa dawa." Akamshika mkono. "Kwa nini unauliza? Umemuona?"

Winifred aliuchomoa mkono, akarudi kwake. Aliacha vidonge siku ile ile, ghafla, hata nusu hakugusa, na hapo ndipo alipojua kwamba mlango aliouingia haukuwa na kitasa upande wa ndani. Jasho lilimtoka kwenye baridi. Mikono ilitetemeka hadi mikate ikamwanguka. Usingizi ulikimbia kabisa, na kila alipofumba macho mtu alikuwa amesimama kando ya kitanda, akinong'ona neno moja, "Sinzira." Lala. Lala. Akiimeza dawa, Gahongayire anaamka. Asipoimeza, Gahongayire anangoja. Winifred alilia mbele ya mwanawe bila kujificha.

Alikuwa Mkristo, lakini mwisho alikwenda Biryogo, mtaa wa Waislamu, kwa maalim. Maalim alisoma juu ya bakuli la maji hadi harufu ya samli ikapanda kutoka kwenye bakuli, akafunika pua kwa kilemba.

"Yupo. Ulikula nini cha marehemu?"

Winifred akamweleza.

"Kisomo nitakusomea," alisema maalim. "Lakini mikono hiyo inayotetemeka si jini. Ni dawa uliyoikata ghafla, na hilo mimi sina uwezo nalo. Nenda kwa daktari leo hii. Na vitu vyake vyote vitoke nyumbani mwako, kisibaki hata kimoja. Vimebaki?"

"Vimeisha," Winifred akasema.

Daktari Wanjira, Mkenya asiyezunguka maneno, alimpima huku akitikisa kichwa. "Dawa si yako. Kipimo ukaongeza mwenyewe. Ukachanganya na pombe. Halafu ukaacha mara moja! Mama Kaliza, ungepata kifafa ukatuachia mtoto. Sasa utaanza dawa nitakayokuandikia mimi, tupunguze kidogo kidogo, nikikuangalia. Zile za jirani leta hapa, usiziache mahali mtoto anaweza kufika."

"Zimeisha," akasema tena.

Aliwadanganya wote wawili. Kikopo alikuwa amekisukuma nyuma ya masanduku juu ya kabati, kwa siku mbaya ikitokea. Alimwogopa jini, lakini kukesha alikuogopa zaidi.

Na mambo yakatulia. Benon alimhamishia zamu ya mchana. Kipimo kilipungua hadi kikaisha, mikono ikatulia, moyo ukajifunza kwenda taratibu. Samli haikunuka tena. Kaliza pekee ndiye aliyenuna siku kadhaa, akimuulizia mama wa mchana, kisha naye akaacha.

Jumapili moja, baada ya ibada, Winifred alijinyoosha kitandani, akalala usingizi wake mwenyewe. Aliamshwa na samli.

Kigoda kilikuwa kimewekwa juu ya kiti, kando ya kabati. Kikopo kilikuwa sakafuni, wazi, kitupu. Kaliza alikuwa ameketi mkekani, kichwa kinamwangukia begani.

"Kaliza! Umekula vidonge?"

"Mama wa mchana alinionyesha vilipo." Maneno yalimtoka mazito. "Alisema wewe hutaki tena kulala. Basi nilale mimi."

Winifred alimfunga mgongoni kwa kitenge, akanyakua kikopo, akatoka peku hadi barabarani, akasimamisha pikipiki. Njia nzima alikuwa akipiga kelele, "Usilale, mama, usilale," na pumzi aliyoisikia shingoni mwake ilikuwa ikija kwa mbali, ikija kwa mbali zaidi.

Daktari Wanjira alimpokea mbio. Hakumgombeza, aliukaza mdomo tu alipokiona kikopo. Walimshughulikia mtoto nyuma ya pazia mchana mzima, na Winifred akakaa kwenye benchi, akimwomba Mungu amchukue yeye. Jua lilipoanza kuzama akaitwa.

"Atapona," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Ameamka. Njoo umsalimie."

Winifred alimwangukia mwanawe kifuani akilia kwa sauti. Mkono mdogo ukainuka, ukatua mgongoni mwake. Polepole. Polepole. Kisha haraka. Kisha polepole tena.

"Humura, mwana wanjye," ilisema sauti ya mtoto, kwa Kinyarwanda kizuri, cha ndani. Tulia, mwanangu.

Daktari alicheka kwa furaha, akasema ona, leo mtoto ndiye anambembeleza mama. Winifred hakucheka. Alimshika mashavu, akamtazama machoni, ndani kabisa, maana alijua Kaliza yuko wapi. Yuko huko nyuma, amefungiwa, anapiga kelele, na hakuna anayemsikia.