Mkwe Aliyesikiliza Damu

Mzee Rangi alikuwa fundi wa kupaka nyumba. Jina lake halisi wengi walishalisahau. Asubuhi hiyo alikuwa anapaka mlango wa jirani huku akiimba. Mkewe alikuwa anaanika nguo.

"Punguza sauti," mkewe alimwambia. "Utaamsha waliolala na waliokufa."

Mzee Rangi akacheka. Ghafla akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yangu! Kichwa kinapasuka!"

Akakaa chini. Akatapika. Shingo ikakakamaa. Mkewe alitaka kumpa dawa ya maumivu alale. Lakini kwanza akampigia simu mke wa mwanawe, ambaye hospitalini hupima wagonjwa kwa mashine.

"Mama, kichwa kimemwanza ghafla?" mkwe akauliza.

"Ghafla kama radi!"

"Basi asilale. Tafuteni gari, mje sasa hivi."

Picha ya kichwa ilionyesha kwamba mshipa mmoja wa damu ulikuwa umepasuka ndani. Madaktari wakamfanyia upasuaji, wakauziba. Siku chache baadaye Mzee Rangi alikuwa anataniana na wagonjwa wenzake. Alidai nguo zake arudi nyumbani.

"Bado, Baba," mkwe alisema. Alikuwa anasukuma mashine ya altrasaundi.

Mzee akaitazama. "Mkwe wangu, hiyo si ya wajawazito? Au mmeona nina mimba ya kichwa?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mkwe naye alicheka.

"Samahani, Baba, nitakugusa kichwa," alisema. Akampaka jeli kwenye panja, pale kati ya jicho na sikio. Akaweka kifaa kidogo juu yake. "Mfupa wa hapa ni mwembamba. Mawimbi ya sauti yanapita, yanaigonga damu inayotembea, yanarudi. Mashine inaniambia damu inakwenda kasi gani. Hakuna sindano, hakuna maumivu."

Mashine ikalia: shwaa... shwaa... shwaa...

"Hiyo ni damu yangu?" Mzee akauliza kwa mshangao.

"Ni yako, Baba. Inatembea vizuri."

Mkewe hakuridhika. "Mshipa si umeshazibwa? Tunasubiri nini tena?"

"Damu iliyomwagika huisumbua mishipa mingine, Mama. Baada ya siku kadhaa mishipa hiyo inaweza kujibana. Ukiminya mdomo wa mpira wa maji, maji yanafanyaje?"

"Yanaruka kwa kasi."

"Na damu ni hivyo hivyo. Kasi ikizidi, huenda mshipa umeanza kubana. Ukibana sana, ubongo unakosa damu, mtu anapata kiharusi. Ndiyo maana nampima kila siku."

Asubuhi moja mlio ulibadilika. Ulikuwa mwembamba na mkali, kama filimbi. Mkwe akasogeza kifaa kidogo. Akapima tena.

"Mbona umekunja uso?" Mzee akauliza. "Mimi mzima kama chuma."

"Nyanyua mikono, Baba."

Yote miwili ilinyanyuka sawasawa. Hata hivyo mkwe hakungoja. Alimwita daktari palepale. Picha nyingine ikapigwa. Kweli, mshipa ulikuwa umebana. Dawa zikaandaliwa.

Mchana Mzee alisikia kiu. "Nipe... nipe ile... ngazi," alimwambia mkewe.

"Ngazi?"

Mkono wake wa kulia ukaanguka kitandani. Mkewe akapiga ukelele.

Lakini daktari na wauguzi walikuwa tayari. Walimpandisha presha kwa dawa, kidogo kidogo, ili damu ipenye pale palipobana.

"Presha si inaua?" mkewe alinong'ona, akiwa amemng'ang'ania mkwe.

"Hii inapandishwa na daktari, Mama, na jicho haliondoki kwa mgonjwa. Mtu asijaribu nyumbani."

Sauti yake ilikuwa imara. Mkono wake ulikuwa umeshika chuma cha kitanda kwa nguvu. Alikuwa amepima wagonjwa wengi, lakini huyu alikuwa Baba.

Kesho yake mkono ulianza kushika. Maneno yakarudi moja moja. Mkwe aliendelea kupima, na mlio ukashuka taratibu hadi ukawa mpole.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alikuja kumjaribu. Akaonyesha alichovaa mkononi.

"Saa," Mzee akajibu.

"Na hiki?"

"Kiti. Kimelegea mguu, mkiangalie."

Daktari akamwonyesha mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na huyu ni nani?"

Mzee Rangi akamtazama tangu kichwani hadi miguuni. Mkewe akabana pumzi. Mzee akajiinua, akakaa wima, akapaza sauti wodi nzima isikie.

"Huyo ni mtaalamu wa mishipa ya ubongo," alisema. "Nyinyi hapa mmemwazima tu. Ni wa nyumbani kwangu."