Mikono Kwenye Sarafu

Haya yalimpata Anésie wa Mount Druitt, yule mama wa Kirundi anayehudumia wazee majumbani. Saa nne asubuhi alikuwa Merrylands kwa Mzee Walter, kama kila Jumanne. Alimwogesha, akamlisha uji, akamlaza. Jua lilijaa dirishani. Hata hivyo, tangu avuke kizingiti hakutulia. Mara mbili aligeuka kutazama chumba cha pili, alimokuwa akilala Clive, mdogo wake huyo mzee, aliyezikwa mwezi mmoja kabla.

"Nishike mkono kidogo," mzee alinong'ona.

Anésie akaketi kando ya kitanda, akapenyeza mkono chini ya blanketi. Ukapokewa. Alichokishika kilikuwa baridi mno. Akakiminya taratibu kipate joto.

Mzee akaanza kusimulia. Yeye na Clive walichanga wakanunua sarafu ya fedha ya Warumi wa kale. Upande mmoja kichwa cha kaisari mwenye taji la miali ya jua, upande wa pili mikono miwili iliyoshikana. Makaisari wawili walitawala pamoja, wakachukiana, na bado wakaamuru sarafu zipigwe chapa ya mikono hiyo na maneno ya kupendana. Hawakumaliza siku mia. Askari wakawaua wote wawili siku moja.

"Tuliigombania. Miaka kumi na mmoja hatukusemezana, na nyumba ni moja. Siku anakata roho aliomba tupeane mkono. Nikamnyima."

"Mungu husamehe, mzee."

"Hebu itazame."

Akatoa mikono yake upande wa ukutani. Wa kushoto ulishika kikasha. Wa kulia ukakifungua.

Anésie akaitazama ile mikono ya mzee. Miwili.

Mkono wake ulikuwa bado chini ya blanketi.

Umeshikwa.

Hakupiga kelele. Alivuta. Kule chini vidole vikakaza. Akalitaja jina la Yesu, akavuta tena, ukachomoka. Akafunua blanketi. Miguu ya mzee tu.

Mzee alikuwa analia polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ameupata wako," akasema. "Mimi ataniacha."

Anésie aliomba apangiwe nyumba nyingine. Nyuma ya kiganja zilibaki alama nne za kucha. Daktari alimpa dawa ya kupaka; hazikufutika. Haziumi.

Jumapili iliyopita, wakitoka kanisani, binti yake Divine aliushika mkono huo, akaugeuza.

"Mum," akasema, "this one's new."

Ilikuwa alama mpya, ya tano. Ya dole gumba.