Mafiga Yenye Mwenyewe

Ugali ulianza kuliwa upande wa tatu. Nzau alikula upande wake, mkewe Wayua akala wake, na upande wa ukutani, ambako hapakuwa na mtu, ulikuwa umemegwa vizuri kwa vidole.

"Nani anakuja hapa mchana nikiwa kwa mkonge?" Nzau aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu."

Hakumwamini, na mimi simlaumu. Ulikuwa mwaka wa 1954, wakati wa hali ya hatari na vita vya msituni, mwaka wa kushukiana. Kijiji chao, mashariki ya Thika, kilikuwa hakijamaliza miezi miwili: nyumba kumi na moja tu, zote za vibarua Wakamba wa shamba la mkonge. Muthoka, askari wa chifu, aliwaandika majina akawaonya kwamba nyumba itakayolisha mtu asiyeandikwa itachomwa, na mwenyewe atafungwa.

Basi siku moja Nzau hakwenda kazini, akajificha nyuma ya nyumba. Adhuhuri, Wayua akiwa mtoni, alisikia kikohozi cha ajuza ndani. Kisha ikamjia harufu ya uji wa mawele, na mawele hakuna aliyepanda huko, kisha akasikia mwiko ukikwangua chungu, taratibu, kama wa mtu aliye kwake, na alipousukuma mlango hakukuta mtu wala chungu, ila mafiga yao matatu juu ya majivu yaliyopoa, na alipoyagusa mafiga yalimuunguza kiganja.

"Haya mafiga ulitoa wapi?" alimuuliza mkewe aliporudi.

Wayua akaanza kulia. "Kwa lile boma la zamani, ng'ambo ya kijito. Mawe ya mtoni yalikuwa yanapasuka motoni. Haya yalikuwa meusi tayari, nikaona hayana mtu."

Nyanya Kalondu, mganga waliyemwita, hakutaka hata kuingia. "Mmebeba jiko la mtu na mwenyewe bado anapika," alinong'ona. "Rudisheni sasa hivi, na msiongee naye."

Wakayarudisha. Jioni ile ugali uliliwa pande mbili, na Nzau akamwomba mkewe msamaha.

Asubuhi moshi ulipanda ng'ambo ya kijito. Muthoka akauona, akavuka na daftari lake. Alirudi akijipangusa midomo, akinuka mawele.

"Kuna ajuza pale," alisema. "Anasema alikuwa hapa kabla yenu wote. Nimemwandika wa kwanza." Akamgeukia Nzau. "Lakini siruhusu mtu kukaa ng'ambo peke yake. Amechagua nyumba yenu. Anakuja na mafiga yake."