Mikunjo ya Mkunga

Mama mkubwa wangu alifanya kazi ya ukunga miaka thelathini na minane. Alipostaafu watu waliendelea kumwita Mkunga, hata wale waliolijua jina lake. Akitoka kununua mkate alirudi baada ya saa nzima, kwa sababu kila hatua tatu kulikuwa na mtu aliyempokea duniani kwa mikono yake, anayetaka kumwamkia na kumpa habari za nyumbani. Mimi alinilea tangu nikiwa na miaka tisa, mama yangu, mdogo wake, alipofariki. Yaliyompata sikusimuliwa na mtu. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na mengine yalipita mbele ya dirisha langu la kazi, maana mimi ni karani wa kadi katika zahanati ileile aliyostaafia.

Yalianzia kwenye harusi ya binti yake wa mwisho. Alikuwa na miaka sitini na miwili, amependeza, herini zake nzito za tangu ujana masikioni, amesimama ubavuni mwa bibi harusi akisubiri picha. Mpiga picha, mtu mwenye haraka zake, akamwambia kwa heshima zote, "Bibi, tupishe kidogo hapo. Tunamsubiri mama wa bibi harusi."

Watu walicheka. Baba mkubwa naye alicheka, akampigapiga begani kama anayembembeleza mtoto aliyedondosha peremende. Mama mkubwa alicheka pia. Lakini picha zilipoletwa, moja aliichomoa kwenye albamu, na nilimkuta bafuni ameishika kando ya kioo, macho yakihama kutoka picha kwenda kioo, kioo kwenda picha.

"Hivi ndivyo mnavyoniona?" akaniuliza.

"Mama, umezeeka vizuri."

"Umesema nimezeeka. Hilo la vizuri umeliokota njiani."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa Msusi. Huyu alikuwa shoga yake wa miaka thelathini, nyumba ya pili kutoka kwao, na chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa saluni: viti viwili, kioo kirefu, beseni, na birika la umeme lililokoroma kama lina mafua. Alikuwa mwanamke mkimya, mwembamba, mwenye uso laini usiotaja umri. Tulizoea kumtania kwamba amesahau kuzeeka. Yeye alitabasamu tu na kuendelea na kichwa cha mteja.

Mimi nilikaa kiti cha pili, nywele zimefumuliwa nusu. Mama mkubwa akaanza kusimulia ya mpiga picha kwa mzaha, mpaka sauti ikamkatikia katikati. Msusi akasimamisha mikono.

"Unataka niitoe?"

"Nini?"

"Mikunjo. Tuanze na hiyo ya kwenye paji."

"Kama unaweza, itoe. Nani ana haja nayo?"

"Unanipa?"

"Chukua, shoga yangu. Chukua yote."

Msusi akauliza tena, "Unanipa?" Akauliza na mara ya tatu. Kila mara mama mkubwa alijibu ndiyo, huku anacheka. Msusi akachovya taulo jeupe kwenye maji ya moto, akalikamua, akamfunika uso mzima na kulikandamiza kwa viganja. Hakupaka mafuta. Hakupaka dawa. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti. Alipoliondoa taulo hakulikung'uta. Alilikunja polepole, kama mtu anayekunja kitu chenye kitu ndani, akaliweka kwenye droo na kuifunga.

Paji la mama mkubwa lilikuwa limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

Nilimzunguka kwa vicheko, nikamgusa, nikamgeuza huku na huku. Msusi alikuwa ameinama akimwaga maji ya beseni. Alipoinua kichwa niliona mistari mitatu imelala kwenye paji lake. Nikajiambia ni kivuli cha pazia.

Kuanzia hapo hatukukosa Jumamosi. Ikatoka mikunjo ya pembeni mwa macho, ikafuata ya mdomo, kisha ya shingo, kisha madoa ya mikononi. Mvi zilikatika, zikaota nywele nyeusi. Baba mkubwa, fundi redio aliyekuwa amejiachia mpaka ndevu zinashika makombo, akaanza kunyoa kila asubuhi. Mama mkubwa alitembea kama mtu aliyenunuliwa viatu vipya. Alikuwa na furaha, na sioni sababu ya kumnyima hilo. Alikuwa na furaha kweli.

Mtoto wake wa kwanza, dereva wa malori anayeishi mji mwingine, alikuwa akimpigia simu kila Jumapili. Jumapili moja hakupiga. Jioni mama mkubwa akampigia yeye, na mimi nikawa nawasikia kwenye spika.

"Samahani, mama, nilipitiwa. Nilikuwa naongea na shangazi Msusi."

"Mnaongea nini?"

"Nilikuwa namshukuru. Nimekumbuka nilivyoumwa kifua utotoni, ile miezi minane ya hospitali, alivyokuwa analala sakafuni chini ya kitanda changu. Sidhani kama niliwahi kumshukuru inavyostahili."

Mama mkubwa akaisogeza simu karibu na mdomo. "Nani alilala sakafuni?"

"Yeye. Wewe ulikuwa kazini, mama. Sikulaumu."

Alipokata simu, vidole vyake vilikwenda kwenye paji, pale palipokuwa na mistari mitatu. "Ilianza kulekule wodini," akasema taratibu. "Mwezi wa nne. Niliiona kwenye kioo cha choo, nikajua mtoto akipona nitatoka naye na hii."

Hakurudi tena kwa Msusi. Mimi nilinunua daftari, nikaandika kila nilichokumbuka juu ya mama mkubwa: nani alinifundisha kusoma saa, nani alikesha nami nilipougua surua, maneno gani aliniambia siku tuliyomzika mama. Nilifanya vizuri kuandika. Leo kuna kurasa ambazo mwandiko ni wangu na mambo siyajui. Kichwani mwangu, aliyenifundisha kusoma saa ni Msusi. Namwona kabisa, ameshika sahani ya bati iliyochorwa namba kwa mkaa.

Jumamosi zilikoma, lakini mikunjo haikukoma kuondoka. Ile michirizi ya tumbo, ya mimba nne, ilifutika ndani ya wiki moja. Kovu la upasuaji likafuata. Alinionyesha chumbani, amefungua vifungo. Tumbo lilikuwa laini kama la msichana.

Jumatatu alikuja zahanati kuchukua dawa za presha. Nesi wa zamu, mwanamke niliyefanya naye kazi miaka sita, aliichukua kadi, akamtazama, akaitazama tena.

"Dada, kadi anakuja nayo mgonjwa mwenyewe."

"Ndiye mimi."

"Hapa pameandikwa miaka sitini na miwili."

"Mwanangu, nimekuzalisha mimi. Ulitanguliza miguu. Mama yako alining'ata hapa." Akanyoosha mkono kuonyesha alama. Mkono ulikuwa safi.

Nesi akanigeukia kuomba msaada. Kabla sijafungua mdomo, mlango ulifunguliwa nyuma yao na nesi akasimama wima, uso umechangamka.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Alikuwa Msusi. Alikuja taratibu, akiegemea goti moja kama mama mkubwa alivyokuwa akiegemea. Mvi. Madoa ya mikononi. Mikunjo yote ile niliyoijua tangu utoto, kila mmoja mahali pake. Watu kwenye benchi wakampisha akae. Mama mkubwa alisimama katikati ya ukumbi na kadi yake, na hakuna aliyemtazama.

Msusi alipochukua dawa na kutoka, nilifunga dirisha, nikamshika mama mkubwa mkono, tukamfuata mpaka saluni. Tulipoingia alikuwa anachemsha maji.

"Nirudishie," mama mkubwa akasema.

"Kipi?"

"Uso wangu."

"Ulinipa." Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza mara tatu. Muulize mwanao, alikuwa kiti kile pale."

Wote wawili wakanitazama. Ningeweza kusema uongo. Ningeweza hata kusema sikumbuki.

"Ulimpa, mama," nikasema.

Sijawahi kusema kweli iliyoniuma hivyo. Mama mkubwa akaenda kwenye droo, akaivuta. Mataulo yalikuwa yamepangwa, meupe, mengi kuliko Jumamosi tulizokwenda. Akagusa moja, akaurudisha mkono haraka. Nami nikagusa. Lilikuwa na joto. Si joto la maji. La mwili.

"Kwa nini mimi?" akanong'ona. "Miaka thelathini, shoga. Umekula kwangu. Umelala kwangu."

"Miaka thelathini nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Wanatazama kioo, wanajiona wao. Wewe ulikuwa na uso umejaa watu, ukauleta hapa ukaniambia niutupe." Msusi akazima birika. "Sikuutupa."

"Basi komesha. Kilichobaki niachie."

"Mimi nilianza tu. Sasa inakuja yenyewe."

Tulikwenda nyumbani kwa mama mkubwa. Baba mkubwa alikuwa barazani, redio imefunguliwa mgongo, bisibisi mkononi. Akamtazama mama mkubwa kwa adabu, kama anavyotazama wateja.

"Karibu, binti. Umeleta redio, au unamtafuta mke wangu?"

Baba mkubwa akatazama nyuma yetu, akatabasamu, akavuta kigoda kwa mguu na kupangusa vumbi kwa kiganja.

"Huyo hapo anakuja," akasema.

Sikugeuka. Nilizisikia hatua, zikiegemea goti moja.

Mama mkubwa akahamia kwangu. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alikaa dirishani, akitaja kwa sauti ndogo majina ya watoto wake wanne. Siku ya tatu alitaja wawili. Nguo zake zilimpwaya, nikampa zangu. Zangu nazo zikampwaya. Usingizini alicheka cheko la mtu ambaye bado hajafiwa na yeyote.

Siku ya sita asubuhi nilikuwa nafunga kiatu niende kazini. Alitoka chumbani, gauni langu linaburuzika. Ungemkadiria miaka kumi na minne. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, kama watoto wanavyosimama mbele ya mgeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikajibu.

Nikamaliza kufunga kiatu. Nikachukua mkoba. Nikatoka. Nilikuwa nimefungua dirisha, nimeita kadi tatu, ndipo nikasikia nilichojibu.

Nilikimbia njia nzima. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kona za shuka zimekunjwa kama za wodini. Hakuwepo. Majirani walisema hawakuona mtu mzima akipita. Polisi waliniuliza umri wake, nikashindwa kujibu. Waliponiomba picha niliwapa za harusi. Askari akazitazama, akanirudishia.

"Huyu bibi tunamfahamu," akasema. "Tumepishana naye sasa hivi sokoni. Hajapotea."

Zilipita siku kumi na moja. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili nilipofika kazini, kulikuwa na kikundi cha watu kwenye benchi la wagonjwa. Mtoto mchanga ameachwa pale, wa kike, amefungwa shuka. Hakuna aliyemwona mama. Aliyempakata alikuwa Msusi, amekuja kuchukua dawa zake za presha, na watu walikuwa wakisifu jinsi alivyomshika.

"Mikono ya ukunga hiyo," mmoja akasema. "Haisahau."

Mtoto hakulia. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia kwenye uso uliomwinamia, mkunjo baada ya mkunjo.

"Mwandikie kadi, mwanangu," Msusi akaniambia, kwa sauti ambayo sasa nikiifikiria ndiyo iliyonilea. "Nitakaa naye mimi. Nimeshalea wa kuachwa."

Nikatoa kadi mpya. Jina nikaliacha wazi. Umri nikaandika siku moja. Nesi akamchukua mtoto ampime uzito, akamfungua shuka juu ya mizani, kisha akaniita kwa mkono.

Alikuwa ameligeuza sikio la mtoto upande wa mwanga. Ndewe ilikuwa imetobolewa. La pili pia. Hapakuwa na damu wala kidonda. Matundu yalikuwa ya zamani, yamepona, yamening'inia na kurefuka kuelekea chini, kama yanavyorefuka ya mwanamke aliyevaa herini nzito miaka arobaini.